Chikori, mchunga na historia ya uchungu

Historia tuliyokaririshwa shuleni ina wafalme, vita na mikataba. Mkutano wa Berlin 1884-85. Majimaji 1905-07. Uhuru 1961. Sina ugomvi nayo, imenipa alama nzuri tu kwenye mitihani. Ila kuna historia nyingine ambayo haina sanamu wala sikukuu, na mwalimu haitungii swali. Ni historia ya kile watu walichokula siku ambazo meli haikuja, duka lilifungwa, au serikali ilisema "vumilieni". Kwa sehemu kubwa historia hiyo imeandikwa nyuma ya nyumba, kwenye kijishamba cha hatua kumi kwa kumi, na ladha yake ni chungu.

Leo basi naomba tuzungumze juu ya jani. Ndiyo, jani. Kama ulifungua ukurasa huu ukitafuta siasa, usiondoke. Siasa zimo humu humu.

Jani lenyewe linaitwa chikori. Wengi wetu tumelijua jina hilo kwenye kopo la kahawa ya bei poa, pale kwenye maandishi madogo yanayokiri kwamba ndani si kahawa tupu. Hiyo ni mizizi yake, iliyokaushwa, ikakaangwa na kusagwa. Lakini kabla mtu hajafikiria kukaanga mizizi, watu wa pande zote za bahari ya Mediterania walikuwa wakila majani. Mmea unaota wenyewe pembeni ya barabara, una ua la buluu linalofunguka asubuhi na kufunga mchana jua likiwa kali, na ukilikata jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Mswidi Carl Linnaeus aliuandika kwa jina la kisayansi mwaka 1753, Cichorium intybus, na hilo ndilo linalotumika mpaka sasa.

Mtu wa pwani akisikia "jani chungu lenye maziwa" atacheka na kusema, si mchunga huo? Hajakosea sana. Mchunga wetu, ule unaochumwa Muheza, Pangani na Kilifi, ni mmea mwingine, Launaea cornuta, ua lake ni la njano. Lakini wataalamu wa mimea wanauweka kwenye ukoo mmoja na chikori, pamoja na saladi ya kawaida tunayoila na chipsi. Kwa hiyo mchunga na chikori ni ndugu. Mmoja alibaki Tanga, mwingine akazaliwa Ulaya na kupata umaarufu.

Na huyo wa Ulaya ana safari ndefu. Mshairi wa Roma aitwaye Horace, katika mashairi aliyoyatoa mwaka 23 KK, alitaja chikori pamoja na zeituni kuwa chakula kinachomtosha. Pliny, aliyekufa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, aliandika kwamba jina hilo linatoka Misri, ambako watu waliuita hivyo mmea wa porini. Wayahudi, katika sheria zilizokusanywa kwenye Mishna karibu mwaka 200, waliorodhesha jani la jamii hii kati ya majani machungu yanayofaa kuliwa usiku wa Pasaka. Sababu yake inagusa: mtu ale uchungu ili asisahau kwamba babu zake walikuwa watumwa. Waarabu wanaliita hindiba, na Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliliandikia kijitabu kizima. Mpaka leo Lebanoni wanalichemsha, wanalikamua, kisha wanalikaanga kwa mafuta ya zeituni na vitunguu vingi.

Hapo utaona jambo. Mshairi, tabibu, mtu wa dini, wote wamelitaja. Lakini aliyekuwa akiinama kulichuma, aghalabu mwanamke mwenye kapu, hana jina popote.

Sasa tuingie kwenye siasa kama nilivyoahidi.

Karne ya 18 Ulaya ililewa kahawa. Kahawa hiyo haikuota Ulaya. Sehemu kubwa sana ilitoka Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, na iliyoilima ilikuwa mikono ya Waafrika waliotekwa na kuuzwa. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia hakuwa na koloni la kahawa, na kilichomkera hakikuwa utumwa. Kilichomkera ni fedha kutoka nje ya nchi. Mwaka 1777 alitoa tamko akiwataka raia wake warudi kwenye bia, kinywaji cha baba zao. Mwaka 1781 akaenda mbali zaidi: kukaanga kahawa kukawa haki ya serikali na wachache wenye kibali. Wakaajiriwa askari wastaafu kupita mitaani wakinusa. Hebu pata picha hiyo, mgambo anapita uchochoroni kwenu, pua juu, anatafuta nani anakaanga kahawa!

Watu wa kawaida walifanya nini? Waligeukia kilichokuwa shambani. Mizizi ya chikori haikuhitaji meli wala kibali. Ukiikaanga, wanga wake unaoitwa inulini unageuka kuwa na rangi ya udongo na utamu wa sukari iliyoungua, na harufu inayodanganya kidogo. Kafeini haina hata chembe. Kuna picha ya pakiti ya chikori ya Kijerumani ya zama zile inayomwonyesha mkulima anapanda mbegu huku akiipungia mkono meli iliyojaa kahawa iende zake. Sijaona tangazo la kujitegemea lililo wazi kuliko hilo.

Kisha akaja Napoleon. Novemba 1806, akiwa Berlin, alitoa amri ya kufunga bandari za Ulaya kwa bidhaa za Uingereza. Waingereza nao waliitawala bahari. Sukari na kahawa zikawa dhahabu, na chikori ikapanda vitandani toka Ufaransa mpaka Ujerumani. Napoleon alianguka mwaka 1814, bandari zikafunguka, lakini chikori haikuondoka kwenye kikombe. Waliozoea walizoea.

Msidhani mambo hayo yaliishia kwenye farasi na mapanga. Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazili, na bei ya dunia ikapaa. Ujerumani Mashariki haikuwa na fedha za kigeni. Mwaka 1977 serikali ya huko iliwapa wananchi mchanganyiko wenye kahawa asilimia 51, kilichobaki kikiwa nafaka na mizizi, chikori ikiwemo. Wananchi walinung'unika vibaya. Serikali ikakimbilia Ethiopia, na mwaka huo huo wakapatana: silaha ziende Addis Ababa, kahawa ije Berlin. Yaani Mjerumani amekataa mzizi, na bunduki ikasafiri kuja Afrika. Ukisikia mtu anasema chakula si siasa, mwambie hivyo.

Turudi kwenye jani, maana nalo lina kisa chake.

Wabelgiji wana hadithi kwamba kwenye vurugu za mwaka 1830, walipojitenga na Uholanzi, mkulima mmoja karibu na Brussels alificha mizizi yake ya chikori kwenye chumba cha chini ya nyumba. Aliporudi akakuta imechipua majani meupe, laini, yasiyo machungu sana. Kama hadithi ni ya kweli neno kwa neno au imetiwa chumvi, mbinu yenyewe ni ya kweli. Unachimba mizizi, unakata majani ya juu, unaipanga gizani penye joto. Jani lisilopata jua halipati ukijani, na uchungu unapungua. Waliliita witloof, jani jeupe. Likaingia hotelini. Waitaliano wa Treviso nao wakaifanyia chikori yao nyekundu kazi ya namna hiyo, wakiisimamisha gizani mizizi ikiwa ndani ya maji yanayotiririka. Desemba 1900 waliifanyia maonyesho mjini, na mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina lake, asilitumie mtu wa mahali pengine.

Umeona mchezo? Jani ni lile lile. La kijani na chungu lilikuwa la mama mwenye kapu. Lilipofichwa jua na kupunguzwa uchungu likawa la mwenye kisu na uma. Na siku hizi hata lile la kijani limepandishwa cheo. Puglia, kusini mwa Italia, wakulima walikula chikori ya porini na baghala kavu zilizopondwa kwa sababu hawakuwa na nyama. Leo mtalii analipa hela nzuri kula sahani hiyo hiyo na kuipiga picha.

Lakini kuna wakati hakuna aliyepiga picha. Aprili 1941 majeshi ya Hitler yaliingia Ugiriki. Wavamizi walibeba chakula, na Waingereza wakaziba bahari. Majira ya baridi ya 1941-42 watu wa Athens walikuwa wanaanguka mitaani. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba njaa na maradhi yake viliua watu wapatao 300,000 katika miaka ya kukaliwa. Wakati huo watu walitawanyika vilimani kutafuta majani ya porini, chikori na ndugu zake, wanayoyaita radikia. Waliojua jani lipi linaliwa na lipi linaua walikuwa wazee waliotoka vijijini. Wagiriki hawakuyatupa majani hayo baada ya vita. Bado wanayachemsha na kuyatia ndimu na mafuta. Na wana msemo wao juu ya mtu aliyekufa: anayaona radikia kwa chini. Anayaona kutokea upande wa mizizi.

Msemo huo nilimsimulia bibi yangu Muheza. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mume wangu," ndivyo anavyoniita mjukuu wake, "hao Wagiriki wako wametuiba maneno."

Bibi ndiye aliyenifanya niandike haya. Ukimuuliza habari za miaka ya 1970 na 1980 hakuanzii na Azimio wala chama. Anaanzia na mboga. Anakumbuka ukame na uhaba wa chakula wa 1973-75, serikali ilipotangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Anakumbuka baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alipowaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikaendelea kufungwa miaka. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza Yanga.

"Tulikula nini na huo ugali, bibi?"

"Mchunga. Ulikuwa hauna foleni."

Sentensi hiyo nimeiandika kwenye daftari langu la kazi. Nimehoji watu wengi wenye shahada, hakuna aliyenieleza uchumi wa miaka ile kwa maneno manne.

Ajabu ni kwamba mchunga haukuwahi kupandwa na mtu. Unaota kwenye mahindi bila kualikwa. Mkulima anauchukia kwa sababu akiukata kwa jembe, kipande cha mzizi kilichobaki ardhini kinachipua tena. Bibi alikuwa anaupalilia katikati ya shamba na kuuacha pembeni, kwa makusudi. Ni bustani ambayo Bwana Shamba akipita hataiona. Jioni anachuma majani machanga, anachemsha, anamwaga maji ya kwanza, anachanganya na mchicha au tembele ili uchungu ugawane, kisha tui la nazi. Watoto waliokuwa wanakunja uso walipewa jibu moja: "Chungu ndiyo dawa." (Mimi si daktari. Ukiwa na malaria nenda hospitali, mboga utaikuta nyumbani.)

Sasa nije kwenye bustani yangu. Napanga vyumba huku Dar, nyumba ya wapangaji watano yenye uani kipande cha udongo. Rafiki aliyesoma Italia aliniletea pakiti ya mbegu za chikori, aina ya catalogna yenye majani marefu kama ya mchongoma uliolainika. Mchunga niliutoa Muheza, vipande vya mizizi kwenye mfuko wa rambo uliolowana. Nimevipanda jirani ili ndugu wajuane.

Kwa anayetaka kujaribu: mbegu za chikori ni ndogo, usizifukie zaidi ya nusu kidole. Mzizi wake unashuka wima, kwa hiyo kopo la maziwa halifai. Tumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, udongo laini na samadi iliyooza vizuri. Miche ikiota ipunguze, ibaki kama shubiri moja kati ya mche na mche. Mwagilia asubuhi. Joto la Dar linaongeza uchungu na kuuharakisha mmea, hivyo mchana uwekee kivuli. Aliye Lushoto, Iringa au Arusha atapata majani mazuri kuliko yangu. Chuma majani ya nje, acha kitovu, mmea utaendelea kukupa. Jikoni fanya kama Warumi: chemsha kwenye maji ya chumvi, kamua, kaanga kwa mafuta, kitunguu saumu na pilipili. Mimi nilijaribu na maharage yaliyopondwa, nikala na ugali. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa Kimakonde, alionja akatulia kidogo. "Huu ni mchunga uliosoma," akasema.

Mchunga uliosoma! Nilitamani kuliiba liwe jina la makala hii.

Bustani hiyo ina habari mbaya. Mwezi uliopita mwenye nyumba alituita, akatuambia atamwaga zege uani kote na kupanga vitofali, paegeshwe magari mawili. Ni mzee wa heshima, sitaki kumsema vibaya. "Mwanangu," aliniambia, "udongo unaleta matope na mbu. Nyumba za watu wa maana hazina udongo." Kwenye nyumba yetu hakuna mpangaji mwenye gari. Magari ni ya wapangaji anaowatarajia. Tumemwomba atuachie ukanda wa ukutani, upana wa hatua mbili. Amesema atafikiri. Tunasubiri.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo hili limenikaa rohoni hivi. Si kwa sababu ya mboga yenyewe, fungu la mchicha gengeni nalimudu. Nadhani ni kwa sababu katika kila kisa nilichowasimulia, Prussia, Athens, Muheza, waliopona au kupunguza makali walikuwa na vitu viwili: kipande cha udongo, na mtu aliyejua jani. Kimoja bila kingine hakisaidii. Sisi vijana wa mjini tunapoteza vyote viwili kwa mpigo, na tunaviita maendeleo. Uani tunamwaga zege. Bibi tunampigia simu sikukuu hadi sikukuu. Na zege likishamwagwa, mzizi wa mchunga nao una mwisho wa ubishi wake.

Mwaka 2020, korona ilipoingia na watu wakaanza kununua kila kitu madukani kwa hofu, hatukuulizana nani ana bustani. Tuliulizana nani ana bando. Shida haijatoa taarifa itarudi lini, na sidhani kama itabisha hodi.

Lugha yetu ni ya ajabu. Uchungu ni ladha ya mwarobaini, ni maumivu ya mama anayejifungua, na ni kile tunachosema mtu anacho akiipenda nchi yake: ana uchungu nayo. Wazungu wanahitaji maneno matatu hapo. Sisi moja linatosha, na nadhani aliyetuachia neno hilo aliwahi kula mchunga.

Sasa zamu yenu. Kwenu jani chungu linaitwaje? Mnafu, mgagani, au kuna jingine nisilolijua? Nani alikufundisha kulichuma, na yuko hai? Kama yuko hai, mpigie leo, si sikukuu. Muulize ni jani gani halikuwa na foleni. Halafu mniandikie.

Mwenye nyumba akijibu nitawajulisha. Alamsiki.